Mnazi wa Mtoto wa Visenti

Mwaka ule wa hamsini na saba, chumba Msambweni ulikuwa hukipati. Cha bei nafuu hukipati, cha bei mbaya hukipati. Kiwanda cha sukari kilikuwa kinaandika watu, na kila lori lililoshusha watu liliwashusha na mikeka yao. Wanaume walilala wanne wanne chumba kimoja, wengine kwa zamu: huyu anarudi kazini asubuhi, yule anaamka anamwachia kitanda kingali na joto. Mtu akiwa na banda la kuku lenye paa zima, watu walikuja kumwuliza analikodisha kiasi gani.

Kwa hivyo Matano aliporudi jioni ile na watu wawili nyuma yake, mwanamume na mwanamke, mkewe Mwanarusi alijua kabla hajaambiwa.

"Hapana," akasema.

"Sijasema kitu."

"Ulikuwa unataka kusema. Hapana."

Matano alikuwa mpasua mbao. Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwenzake anaingia chini, na msumeno unavutwa juu na chini kutwa nzima. Mwenzake Matano alikuwa amekwenda zake bandarini Mombasa bila hata kuaga, na msumeno wa watu wawili ukibaki na mtu mmoja ni chuma tu. Sasa leo, kwenye baraza ya duka, alikuwa amemkuta huyu mgeni amekaa na mkewe mjamzito, askari anawasukuma kwa mguu waondoke, nao hawajui waondoke kwenda wapi.

"Anaitwa Visenti. Na huyu mkewe, Joakina. Wamakonde hawa, wametoka kwao Msumbiji, wamewakimbia Wareno. Hebu mtazame mikono."

Visenti akafunua viganja. Vilikuwa vimevimba siku nyingi vikabaki hivyo hivyo, ngozi nene inang'aa. Kule kwao mtu akipeleka pamba pungufu alipigwa viganjani kwa kibao chenye matundu, hadi damu itoke, kisha kesho yake arudi shambani.

"Sitaki kuonyeshwa mikono," Mwanarusi akasema. Lakini alikuwa ameshaiona.

Uso wa Joakina ulikuwa umechanjwa chale shavu kwa shavu. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, na ndonya yenyewe alikuwa ameitoa njiani ili watu wasimkodolee macho. Sasa walilikodolea tundu.

"Watalala wapi?" Mwanarusi akauliza.

"Stoo."

"Stoo wamo kuku."

"Kuku watalala nje."

"Kuku wangu walale nje, Wamakonde walale ndani? Matano, unasikia unayoyasema? Kesho mtaa mzima utasema tunapika nyani humu."

Sauti ikatoka ndani. Ilikuwa ya Bi Chiku, mama yake Matano, ambaye alikuwa mkunga wa mtaa na hakuwa na subira na mtu yeyote ambaye hakuwa na uchungu wa kuzaa.

"Nyie! Huyo mwanamke tumbo limeshashuka. Mtabishana kuku mpaka ajifungue hapo mlangoni? Mpisheni apite."

Wakampisha akapita.

*

Visenti alikuwa mtu wa kazi. Siku ya kwanza alishuka shimoni mwenyewe, wala hakungoja kuambiwa. Shimoni ndiko kubaya. Unga wa mbao unaingia machoni, puani, unaumeza. Yule mwenzake Matano wa zamani alikuwa analalamika tangu asubuhi. Huyu alijifunga kitambaa usoni akavuta msumeno, na kila Matano alipochungulia chini aliona macho mawili mekundu yanamtazama, yanangoja amri.

"Pumzika, bwana," Matano akamwambia.

"Wewe umechoka?"

"Mimi sijachoka."

"Basi."

Nyumbani mambo yalikuwa nusu kwa nusu. Bi Chiku alitenga sufuria moja kwa ajili ya wageni akaikwaruza alama kwa kisu, maana hakujua midomo ile ilikuwa imekula nini huko ilikotoka, pengine nguruwe mwitu. Joakina aliiona alama. Alipikia sufuria ile, akaiosha, akaiweka mbali na nyingine, peke yake, bila kuambiwa. Mwanarusi akamwona anavyoiweka, akageuka akajifanya anatafuta chumvi.

Kodi hawakutozwa. Visenti alikuwa ameuliza usiku wa kwanza.

"Kodi ya stoo ni ngapi, bwana?"

"Kodi gani? Wewe ni mgeni wangu."

"Hapa ni pako?"

"Pangu," Matano akasema. "Nimejenga kwa mikono yangu."

Visenti akatikisa kichwa kwa heshima. Tangu atoke kwao alikuwa amelala kwenye kambi za mkonge Tanga, kwenye mabanda ya Lunga Lunga, kwenye baraza za watu. Hakuwahi kulala kwa mtu ambaye pale alipo ni pake.

Na Matano hakudanganya, alikata maneno tu katikati. Nyumba ilikuwa yake: fito zake, udongo wake, makuti yake, mlango wa mvule alioupasua mwenyewe. Ardhi iliyo chini ya nyumba haikuwa yake. Mtaa wote ulikuwa hivyo. Mwenye ardhi alikaa Mombasa na hakuna aliyewahi kumwona hata kivuli. Msimamizi wake, Chirau, alipita kila mwisho wa mwezi na baiskeli kuchukua kodi ya kiwanja, na masharti kila mtu aliyajua. Jenga kwa udongo, usijenge kwa jiwe. Panda muhogo, panda mchicha, panda chochote kinachokufa haraka. Mti wa kudumu usipande. Usipande mnazi, mwembe wala mkorosho. Mtu akiachwa na mnazi wake leo, kesho atasema mnazi ni wangu, na siku ya tatu atasema na ardhi unaposimama ni yangu pia.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Matano alimvizia Chirau kule barabarani, akamlipa huko huko.

"Leo vipi, mbona umenipokea mbali?" Chirau akacheka. "Nyumbani kuna harusi?"

"Nilikuwa napita tu."

Mwanarusi alijua. "Mwambie mwenzio ukweli," alimwambia mumewe. "Aibu ya nini?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia."

Hakumwambia. Ilikuwa ni mara ya kwanza mtu mzima kumtazama Matano kama mwenye mali, na alikuwa amepapenda pale.

*

Joakina alijifungua mchana, stoo, kwenye mkeka. Mtoto wa kiume. Bi Chiku alitoka na kanga yake imelowa, akasema kwa sauti ya mtaa wote kusikia, "Mwanamke huyu hakupiga hata ukelele mmoja. Nyie wanawake wa hapa mnanipasua masikio bure."

Siku hiyo akampikia uji wa pilipili manga kwa sufuria iliyo karibu. Ilikuwa sufuria ya nyumba. Hakukumbuka, au alikumbuka akaacha. Mwanarusi naye akaingia stoo kumkanda mzazi kwa maji ya moto, akatoka amembeba mtoto, na tangu hapo mtoto akawa hashuki mkononi mwake. Yeye mwenyewe mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na ya tatu haijaja.

"Huyu hatatoka humu mpaka arubaini yake," alimwambia Joakina. "Mzazi hatoki. Wewe kula, lala, nyonyesha. Basi."

Jioni moja, kitovu cha mtoto kinakaribia kuanguka, Bi Chiku alikaa mlangoni kwa stoo anakuna nazi na anaongea, kama kawaida yake.

"Kwetu Gazi, kitovu hakitupwi. Kinazikwa, na juu yake unapandwa mnazi. Mtoto akikua anaambiwa, mnazi wako ule pale. Hata akienda wapi, ana pake."

"Ana pake," Visenti akarudia.

"Wangu ulikuwa karibu na msikiti. Mrefu! Ndugu zangu wakauza shamba, aliyenunua akaukata. Lakini mpaka leo nikipita, najua ni pale."

Alikuwa anazungumza tu. Mzee anakuna nazi, anazungumza. Haikumpitia kwamba kuna mtu anasikiliza kama anayepewa maagizo.

Siku kitovu kilipoanguka, Matano alikuwa amepeleka mbao Mwabungo. Bi Chiku alikuwa nyumba ya tatu anazalisha. Mwanarusi alikuwa kisimani. Visenti akatoka akaenda kwa mtu aliyempasulia mbao siku za nyuma, akaomba nazi iliyoota, akapewa. Akarudi. Na kwa kuwa lilikuwa jambo jema, hakulifanyia uani. Alichimba mbele ya nyumba, katikati ya uwanja, panapoonekana na kila apitaye. Akaweka kitovu kimefungwa kitambaa, akaweka nazi juu, akafukia, akamwagia maji, akazungushia vijiti mbuzi wasile.

Mwanarusi alirudi na ndoo kichwani akakuta majani mawili ya kijani yamesimama.

"Nimepanda," Visenti akamwambia. Alikuwa anatabasamu, mtu ambaye walikuwa hawajawahi kumwona meno.

Mwanarusi akatazama kushoto, akatazama kulia. Ng'ambo ya njia, jirani yao Boga alikuwa amesimama mlangoni mwake, mikono kiunoni.

"Hongereni!" Boga akaita. "Mnazi huo! Mmenunua shamba lini, hata kahawa hamjatuita?"

*

Matano aliporudi aliukuta. Visenti akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye mche, akamwonyesha vijiti.

"Nimefanya kama mama alivyosema. Mtoto sasa ni wa hapa. Ni wa kwako."

Matano alifungua mdomo. Yalikuwa maneno machache tu: ndugu yangu, hapa si pangu, ung'oe kabla hawajauona. Aliyatafuta, akakuta yamekwama na yale mengine yote aliyokuwa hajayasema.

"Umefanya vizuri," akasema.

Ndani, Mwanarusi alimrukia kwa sauti ya chini.

"Umefanya vizuri? Hilo ndilo ulilomwambia? Boga ameuona! Boga, Matano! Huyo mwaka juzi alipanda mwembe akaamrishwa aukate, na wewe ulikuwepo unatazama. Unadhani atanyamaza?"

"Nitauhamisha uani."

"Uani au mbele, si ardhi ile ile?"

Bi Chiku alikuwa amekaa kitandani, ameshika kichwa. "Mimi ndiye niliyesema. Mdomo wangu huu."

"Basi mama, kautoe wewe."

"Nikifukue kitovu cha mtoto ambacho hakijalala hata usiku mmoja? Unataka mtoto afe?"

"Nani kasema atakufa?"

"Na nani kasema hatakufa?"

Stoo kule mtoto akalia, na Visenti akasikika anamwimbia kwa Kimakonde.

"Asubuhi nitamwambia," Matano akasema.

*

Asubuhi Chirau alifika kabla ya chai. Hakushuka kwenye baiskeli mpaka gurudumu la mbele lilipogusa vijiti.

"Matano! Toka!"

Matano akatoka anafunga msuli. "Sabalkheri, Bwana Chirau. Karibu."

"Nikaribie nini? Hiki ni nini?"

"Mche tu. Mgeni amepanda, hakujua."

"Mgeni. Kumbe una wageni." Chirau akachungulia stoo, akamwona Visenti amesimama na kitambaa chake cha kazi shingoni. "Mmakonde. Ana kipande huyu, cheti cha serikali?"

Akamgeukia tena Matano.

"Mimi jana nimeamshwa usingizini na Boga. Ananiambia, mbona mimi mwembe wangu ulikatwa, na mgeni wa Matano, hata si mtu wa nchi hii, anapanda mnazi? Nimjibu nini? Nikikuachia wewe, kesho mtaa mzima una minazi. Mwenye ardhi akija akaikuta, atakayelala nje ni mimi. Una habari kuna watu wanakitaka kiwanja hiki? Wanataka wajenge vyumba kumi wapangishe watu wa kiwandani. Kila siku wananijia. Mimi nawaambia, hapana, yupo Matano, Matano hana matata. Sasa ndiyo haya?"

"Nisamehe, bwana."

"Sina samahani mimi, samahani iko Mombasa. Nisikilize. Alasiri narudi. Nikute watu wamekusanyika, wote wenye viwanja hapa. Mti ung'olewe mbele yao, na useme mbele yao ardhi ni ya nani. Na hawa waondoke leo. Ama hayo, ama uanze kuteremsha makuti yako."

Mwanarusi akatoka mbio, kanga inamwanguka begani. "Kaka Chirau, mwanamke ni mzazi! Hajafika hata arubaini! Atatoka vipi?"

"Arubaini ni ya mwenye nyumba, dada," Chirau akasema, wala hakusema kwa ukali. Akageuza baiskeli. "Alasiri."

*

Mwanarusi hakula. Alifunga kanga yake akaingia mitaani kutafuta chumba.

Nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba alimkaribisha vizuri, akauliza habari za mama mkwe, habari za msumeno, kisha akasema, "Chumba? Mwanangu, hata mimi nalala jikoni." Akamwonyesha. Kweli kulikuwa na kitanda kati ya mafiga na kuni.

Ya pili palikuwepo nafasi. "Nafasi ya kitanda kimoja, lakini humo wamo wanaume watatu. Ni mtu gani?"

"Mume na mke na mtoto mchanga."

"Na mtoto! Wenzie watalala saa ngapi? Watu wa nini hao?"

"Ni watu."

"Watu wa wapi, nakuuliza."

Aliposema, yule bwana akacheka, cheko la kuomba radhi. "Ungekuwa wewe, dada yangu, ningekupa hata leo. Lakini wale majirani watanihama."

Ya tatu chumba kilikuwepo kweli. Kilikuwa kizima, na dirisha. Bei yake ilikuwa mapato ya Matano na Visenti wote wawili, wapasue mbao wasile. Mwanarusi akasimama pale mlangoni, akakitazama kile chumba, sakafu imefagiwa, hakuna mtu ndani.

"Kitakaa kitupu?" akauliza.

"Hakikai," mwenye nyumba akajibu. "Wa kiwandani wanakuja kesho kukitazama."

Alipita hospitalini. Barazani palikuwa na watu wamelala kutoka mlango mpaka mlango, wagonjwa na wasio wagonjwa, na bawabu akamwambia hata kabla hajafungua mdomo, "Hapa si hoteli, mama."

Alirudi jua limeanza kulala upande. Joakina alikuwa amekaa mlangoni kwa stoo, ameshafunga vitu vyake. Havikuwa vingi. Alikuwa ameirudisha ndonya mdomoni.

"Umepata?" akauliza.

Mwanarusi akamchukua mtoto mikononi mwake, akamnusa kichwani. "Sikupata."

*

Alasiri walikusanyika. Wengine walikuja kwa kuitwa, wengine kwa kutaka kuona. Boga alikuwa mbele kabisa, lakini sasa alikuwa anatazama chini, kwa maana kitu alichokitaka usiku hakikumpendeza mchana.

Chirau akasimama karibu na mche.

"Matano, sema watu wasikie. Ardhi hii ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Wewe?"

"Si mimi."

"Sikusikia."

"Si mimi!"

"Wewe ni nani hapa?"

Visenti alikuwa nyuma ya Matano, hatua moja, mahali pale pale anaposimama kila siku akingoja waende kazini.

"Mpangaji wa kiwanja."

"Na siku ukiambiwa utoke?"

"Nitatoka."

"Basi," Chirau akasema. "Mmemsikia. Ng'oa."

Matano akasogea. Akainama. Mikono ikashika majani, ikakaa pale, haivuti. Bi Chiku akajifunika uso kwa ukaya. Ndipo Visenti alipokuja akamsogeza kando, taratibu, kama anavyomsogeza kwenye gogo. Akapiga magoti, akaondoa vijiti kimoja kimoja, akaanza kuchimba kwa vile viganja vyake.

Alipofika kwenye nazi akainua macho.

"Kumbe na wewe," akamwambia Matano.

"Nilitaka kukuambia."

"Ungeniambia, bwana. Nisingepanda. Mimi ningeelewa." Akaitoa nazi, akaiweka pembeni. Akaingiza mkono tena, akatoa kile kitambaa kidogo, kimelowa, kina mchanga. Akakikung'uta, akampa mkewe.

Joakina akakipokea. Akamwendea Bi Chiku.

"Mama. Kikishatolewa, kinazikwa wapi tena?"

Watoto wa mtaa ule nusu yao walipokelewa na mikono ya Bi Chiku. Alijua dawa ya tumbo, ya maziwa yaliyokatika, ya mtoto aliyekaa vibaya.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sijapata kuona kimetolewa."

Joakina akakifunga kwenye pindo la kanga. Mwanarusi akamrudishia mtoto, ikabidi Joakina avute kidogo ndipo mikono ya Mwanarusi iachie. Visenti akajitwika mkeka. Watu wakawapisha njia. Wakashika ile ya kwenda barabara kubwa, kisha wakasimama pale njia inapogawanyika, wakatazama huku, wakatazama kule, na hakuna aliyeweza kuwaambia upi ni upande mzuri.

"Kesho utapasua na nani?" mtu mmoja akamwuliza Matano.

"Fukia shimo," Chirau akasema.

Matano akasukuma mchanga kwa mguu, akajaza, akakanyaga. Akakanyaga tena. Watu walikuwa wanaondoka.

"Bado," Chirau akasema. "Bado panaonekana."

Matano akaendelea kukanyaga.